Somo: Dhumna ya treni, hatua kwa hatua

Assalaam aleykum wana dhumna. Shemeji yangu amerudi likizo kutoka Marekani na boksi la dhumna zito kama tofali. Ndani mna kete 91. Sisi wa barazani tumezoea 28, kubwa yao sita-sita. Hizi zinapanda mpaka kumi na mbili-kumi na mbili. Mchezo wenyewe huko wanauita Mexican Train. Usiku wa kwanza tulicheza mpaka saa saba na tukagombana mara tatu, zote kwa sababu ya kete pacha, yaani zile zenye namba moja pande zote mbili. Nimeona niandike somo, nyie msigombane.

Kwanza sahau mambo mawili ya barazani. Hapa hakuna mwenzio wa kukaa naye uso kwa uso. Kila mtu na lwake. Na mwenye pointi nyingi ndiye aliyeshindwa.

Kupanga meza. Toa kumi na mbili-kumi na mbili, iweke katikati. Hiyo ndiyo stesheni. Zilizobaki zigeuzwe kifudifudi zichanganywe. Mkiwa wawili hadi wanne, kila mtu aokote 15. Watano au sita, 12. Saba au wanane, 10. Zinazobaki ndizo ghala. Kila mtu awe na sarafu moja kando, kazi yake mtaiona.

Kupanga mkono. Hapa usifanye haraka, ndipo mchezo ulipo. Tafuta mnyororo mrefu unaoanza na 12. Tuseme umepata 12-5, 5-8, 8-3, 3-0, 0-11. Zipange kwa mstari mbele yako: hilo ndilo treni lako. Zisizoingia popote, kama 7-10, 2-6 na 9-9, ziweke pembeni. Mimi naziita abiria wasio na tiketi.

Kucheza. Zamu ikifika unashusha kete moja. Unaweza kuishusha kwenye treni lako, linaloanzia stesheni kuja upande wako, au kwenye treni la Meksiko, ambalo ni la wote. Hilo la Meksiko huanzishwa na yeyote mwenye kete ya 12 asiyoihitaji, na halifungwi kamwe. Treni la mwenzio huligusi, ila likiwa na sarafu juu yake.

Sarafu inafikaje pale? Umekosa kete ya kushusha, unaokota moja ghalani. Ikikubali, unaishusha hapo hapo. Ikikataa, unaweka sarafu juu ya treni lako, na kuanzia hapo kila mtu ana ruhusa ya kupakia kete zake humo. Ghala likiisha, huokoti. Unaweka sarafu na kupisha.

Kete pacha. Ukishusha pacha, tuseme 8-8, lazima ifunikwe kwa kete nyingine yenye nane, na wewe ndiye wa kwanza kuifunika, papo hapo, zamu ile ile. Huna? Unaokota moja. Ikikataa, sarafu juu ya treni lako, na mzigo unahamia kwa anayefuata. Yeye naye hana ruhusa ya kucheza pengine popote mpaka 8-8 ifunikwe, hata kama iko kwenye treni lako na lilikuwa limefungwa. Mwenye nane na aifunike, atake asitake. Sisi tuligombana kwa sababu shemeji alikuwa na nane akaificha, akaokota ghalani kwa uso mkavu. Huo ni wizi, na nimemwambia.

Kuna pacha moja isiyofunikwa: ile unayomalizia mkono. Ikiwa ndiyo kete yako ya mwisho, raundi imekwisha.

Kumaliza. Ukibakiwa na kete moja, gonga meza. Kwetu anayesahau anaokota mbili. Mmoja akimaliza, wengine wanahesabu nukta walizoshika na kuandikiwa. Ukikamatwa na 9-9 na 7-10, hizo ni 35. Raundi inayofuata stesheni inakuwa 11-11, na kuendelea kushuka mpaka tupu-tupu. Raundi 13 zote! Mkianza baada ya isha andaeni kahawa ya kutosha.

Nimalizie na jambo ambalo mimi lilinichukua siku mbili kulielewa. Treni lako likiwa halina sarafu, hakuna wa kuligusa, kwa hiyo mnyororo wako hauna haraka. Anza kuwashusha abiria wasio na tiketi kwenye treni la Meksiko na kwenye matreni yenye sarafu. Lakini kodoa macho kwenye mikono ya wenzio. Ukiona mmoja kabakiwa na kete tatu nne, acha ubahili, shusha nzito kwanza. Mimi nilishawahi kukaa na mnyororo mzuri wa kete saba, nikausubiria, mtu akamaliza. Niliandikiwa zaidi ya sabini.

Maswali

*Mwalimu, sisi tuna dhumna ya kawaida tu, kete 28. Haifai?*
Inafaa, kwa watu wawili au watatu. Kila mmoja aokote saba, stesheni iwe sita-sita, raundi ziwe saba. Ghala linaisha upesi, kwa hiyo sarafu zitajaa mezani.

*Nimewekewa kete na jirani kwenye treni langu lenye sarafu. Sasa limefungwa?*
Hapana, dada. Sarafu unaiondoa wewe mwenyewe siku utakapoweza kushusha kete yako kwenye treni lako. Na ndiyo, jirani akishaingiza kete yake, mnyororo ulioupanga unaweza kuvunjika wote. Panga upya.

*Vipi kama hakuna mwenye kete ya kufunika pacha?*
Hesabu kabla ya kulalamika. Katika dhumna hii kila namba iko kwenye kete 13. Kama zile 12 nyingine za nane zimeshalala mezani, hiyo 8-8 imekufa, mchezo unaendelea kama kawaida. Kama hazijatimia, ziko mikononi au ghalani, kwa hiyo endeleeni kuokota.

*Sisi barazani tunapiga kete kwa kishindo. Huku inaruhusiwa?*
Kaka, meza ya treni ina mistari mitano sita ya kete. Piga kishindo kimoja uone mtakavyotumia nusu saa kukumbuka ipi ilikuwa wapi.