Daftari moja kwa walimu wote wa darasa
Walimu mnaofundisha darasa moja, wekeni daftari la pamoja ambamo kila mmoja ataandika alichokiona kwa mwanafunzi, si anavyomhukumu. Neno "mzembe" halimsaidii yeyote. Lakini mwalimu wa hisabati akiandika kwamba kijana amenakili vibaya tarakimu za ubaoni mara tatu, wa lugha akaongeza kwamba husoma bila shida kitabu kikiwa mkononi, na wa michezo akakumbuka kuwa huchelewa kuuona mpira unaomjia, wazo la kumpeleka akapimwe macho huja lenyewe. Kila mmoja peke yake angeishia kumkaripia, kama nilivyowahi kufanya mimi.

Tengeni dakika 10 kila wiki za kulipitia, kisha mteueni mwalimu mmoja ambaye kijana amemzoea azungumze naye pamoja na mzazi wake, kwa kuwa kuitwa na walimu watano kwa jambo lilelile humfanya ajifunge. Mambo mazito, kama vile kupigwa nyumbani, yasiandikwe humo kamwe. Yapelekwe siku hiyohiyo kwa mwalimu wa ushauri nasaha.