Unaenda kusoma Ujerumani? Anza na majina kwenye vyeti vyako

Wadogo zangu mnaoniuliza kuhusu kusoma Ujerumani, karibu wote mnaanza na viza. Viza bado iko mbali. Kwanza toa vyeti vyako vyote vipange kitandani, cha kuzaliwa cha RITA, form four, form six, digrii kama unayo, NIDA na pasipoti, alafu soma jina herufi kwa herufi. Cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cheti cha NECTA kinasema Mohammed, pasipoti ina majina matatu na cheti cha shule kina mawili, hapo ndo watu wanakwama. Mimi shida ilikuwa jina la babu, kwenye pasipoti lipo kwenye vyeti halipo, nikaja kugundua nimeshaomba chuo, muhula ukanipita nikakaa nyumbani mwaka mzima. Iliniuma sana. Kama tofauti ni ndogo nenda kwa wakili uape kiapo cha majina, kama ni kubwa fanya didi poli (hati ya kisheria ya kubadili jina) uisajili, na maliza hayo yote kabla hujaomba pasipoti, maana ni shilingi 150,000 na ya nini kuilipia mara mbili.

Kuomba chuo, vingi vinapokea maombi kupitia uni-assist, ofisi inayokagua vyeti vya wageni kwa niaba ya vyuo, chuo cha kwanza euro 75 na kila kinachofuata 30, kwahiyo usitume tu kila mahali. Muhula wa baridi unaanza Oktoba na vyuo vingi vinafunga maombi 15 Julai, ila masters nyingi zinafunga mapema zaidi, angalia kozi yako yenyewe. Form four peke yake haikuingizi chuo kikuu kule, na hata wa form six kuna wanaoambiwa wapitie kwanza mwaka wa maandalizi, Studienkolleg, inategemea kombi na ufaulu wako. Pia digrii ya kwanza nyingi ni za Kijerumani, so kama uko Dar anza Goethe-Institut, kituo cha kufundisha Kijerumani pale Upanga, mapema, lugha haisomwi miezi miwili.

Sasa pesa, hapa naomba usome taratibu. Vyuo vya serikali vingi havitozi ada kweli (jimbo la Baden-Württemberg wanatoza wageni wa nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula), lakini ubalozi unataka kuona utaishije, na njia ya wengi ni Sperrkonto, yaani akaunti ambayo unaweka euro 11,904 za mwaka mzima alafu ukifika unapewa 992 kila mwezi. Nimeona familia inauza kiwanja au inakopa kwa riba ikidhani hii ni pesa ya kuonyesha tu alafu inarudi. Hairudi! Ndo kodi yako ya chumba, ndo chakula, ndo bima ya afya ambayo peke yake ni zaidi ya euro 140 kwa mwezi. Ukiikopa utakuwa unaila huku mwenye pesa anamdai mama yako huku nyumbani. Kazi inaruhusiwa, siku 140 nzima au nusu siku 280 kwa mwaka, ila usiipigie hesabu miezi ya mwanzo, kupata kazi bila lugha ni ngumu. Kama una ndugu anayeishi kule na kipato chake kinatosha anaweza kukuwekea dhamana ya maandishi, na skolashipu za DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi, omba kila mwaka usichoke.

Barua ya chuo ikifika tu, siku hiyohiyo fanya mambo mawili, tafuta apointimenti ya ubalozi (ada ya viza euro 75, majibu yanaweza kuchukua wiki nyingi) na omba chumba kwenye hosteli za Studierendenwerk (shirika la huduma za wanafunzi) maana foleni yake ni ndefu. Mtu akikuambia mtumie deposit ya chumba ambacho hakuna aliyekiona, achana naye.

Begi lisikusumbue. Koti zito nunua kulekule, sweta za Karume zinatosha kukufikisha. Beba adapta, soketi zao ni za pini mbili za duara. Nyama na maziwa usibebe, haviruhusiwi kuingia Ulaya, sembe utaipata kwenye maduka ya Waafrika. Vyeti orijino viwe kwenye begi la mkononi, sio lile linaloenda chini ya ndege.

Ukifika una wiki mbili za kujisajili manispaa, na watakudai karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha unaishi hapo, kwahiyo muombe siku anayokupa funguo. Karatasi ya usajili ukishaipata ndo unaenda kufungua akaunti ya benki ya kawaida, na humo ndo zile 992 zinaanza kuingia. Beba euro za kukutosha mpaka hapo.