Jinsi ya Kutumia Redio ya VHF Vyombo Vinapowasiliana katika Bahari ya Lamu

Nahodha anayetoka Lamu kwenda Faza au Kizingitini huwa na simu mfukoni, na mara nyingi hiyo ndiyo tegemeo lake la pekee. Simu ina manufaa yake, lakini humfikia mtu mmoja ambaye nambari yake unayo, tena mahali penye mtandao. Redio ya VHF, yaani redio ya kusemezana ya mawimbi ya masafa ya juu sana, husikiwa na kila chombo kilicho karibu kilichofungua chaneli hiyo, hata kama hamjuani. Ndiyo sababu inafaa kununuliwa, na ndiyo sababu pia inatakiwa itumiwe kwa nidhamu, kwa maana anayezungumza ovyo huwazibia njia wote wanaosikiliza.

Redio ya mkononi huwa na nguvu ya wati 5 hivi, na ile inayofungwa chomboni wati 25. Yoyote utakayochagua, itafutie leseni kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kabla ya kuitumia.

Mawimbi ya VHF husafiri takriban kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kimo cha antena kina uzito kuliko wingi wa wati. Antena za vyombo viwili zikiwa mita 2 juu ya maji, umbali wa kusikilizana hukadiriwa kuwa kilomita 11 hivi. Ukiipandisha yako mlingotini hadi mita 9, hukaribia kilomita 18. Makadirio hayo ni ya bahari iliyo wazi. Kisiwa kikiwa katikati hali hubadilika, na aliye nyuma ya vilima vya mchanga vya Shela anaweza asisikike kabisa na aliye upande wa Matondoni. Katika jahazi, ifunge antena mahali ambapo foromali (boriti inayobeba tanga) haitaigonga tanga linapogeuzwa. Kumbuka pia kwamba kituo cha kuratibu uokoaji baharini kiko Mombasa, zaidi ya kilomita 200 kutoka Lamu, kwa hiyo ukipatwa na dhiki, huenda wa kwanza kukusikia akawa mvuvi au boti ya abiria iliyo jirani. Redio zetu sote zikiwa wazi safari nzima, sote tunakuwa salama zaidi.

Chaneli ya 16 ndiyo ya kusikiliza wakati wote, na ni ya kuitana na ya kuomba msaada tu. Kabla ya kuita, sikiliza kwanza ili usimkatize mtu. Bonyeza kitufe cha kusemea, ngoja kitambo kidogo, kisha sema kwa sauti ya kawaida huku ukikikinga kipaza sauti na upepo. Ukimaliza, kiachie kitufe, maana ukiwa umekibonyeza husikii lolote, na kitufe kilichokwama huizima chaneli kwa kila mtu aliye karibu.

Tuseme maji yanakupwa, nawe unaingia Mkanda, mlango mwembamba wa maji kati ya Kisiwa cha Manda na bara, na mzigo mzito, ilhali boti inakuja kutoka upande wa pili. Ita hivi: “Boti Subira, boti Subira, hapa ni jahazi Neema, ova.” “Ova” maana yake umemaliza kusema na unangoja jibu. Subira akiitika, mwambie mhamie chaneli ya 72, naye airudie nambari hiyo kabla ya kuhama. Mkifika huko, sema jambo lenyewe: “Naingia Mkanda kutoka Lamu, nimepakia, maji ni machache, nitashika upande wangu wa kulia, ova.” Naye arudie alichokielewa, kwa sababu “sawa” peke yake haithibitishi kwamba amesikia upande gani. Kwa mazungumzo ya karibu namna hii, punguza nguvu hadi wati 1. Chaneli za 8 na 77 pia ni za chombo kwa chombo. Ya 6 ni heri iachwe wazi, kwa kuwa hutumika katika shughuli za uokoaji. Asipoitika, ngoja dakika 2 ndipo umwite tena. Mkimaliza, rudini 16.

Wito wa MAYDAY ni wa hatari inayotishia uhai au chombo, na mpangilio wake unafaa kuandikwa kwenye kibao karibu na redio ili hata baharia mgeni aweze kuusoma: “MAYDAY, MAYDAY, MAYDAY. Hapa ni mashua Neema, Neema, Neema. MAYDAY, Neema. Niko maili 2 kusini-mashariki ya Ras Kitau. Maji yanaingia kwa kasi. Naomba msaada wa haraka. Tuko watu 12, watoto ni 3. Ova.” Mahali ulipo patangulie maelezo ya tatizo, kwani betri ikizima katikati ya maneno, wenzako watajua pa kukutafuta. Ukiwa na GPS, taja latitudo na longitudo. Kama redio yako ina kitufe chekundu cha dharura, kifunue na ukishikilie kwa sekunde chache. Hutuma ishara kwa chaneli ya 70, pamoja na mahali ulipo iwapo redio imeunganishwa na GPS, kisha uendelee kwa sauti kwenye 16. Injini ikizima lakini uhai hauko hatarini, tumia PAN-PAN, nayo hutajwa mara tatu. Gogo kubwa linaloelea njiani hutangazwa kwa SECURITE.

Ukisikia MAYDAY ya mwingine, nyamaza, andika unachosikia, na uwape nafasi walio karibu naye zaidi wajibu. Pakiwa kimya, mjibu wewe, kisha urudie taarifa yake kwa kuanza na “MAYDAY RELAY” ili iwafikie walio mbali.

Redio ya mkononi ifungwe kwa kamba kwenye vesti ya kuokolea ya nahodha, kwani iliyowekwa kwenye tezi (nyuma ya chombo) huenda na maji chombo kinapopinduka. Kama mtengenezaji ameeleza kuwa haiingii maji, isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila urudipo, ikaushe, kisha uichaji usiku huo huo.