Tafuta Mfuniko Kabla Hujamimina Mafuta

Kabla hujamimina mafuta kwenye kikaango, tafuta mfuniko wake. Huo si wa kufunikia chakula, ni wa kuzimia moto. Uwe wa chuma, uzibe mdomo wote wa kikaango, na ukae mahali unapoufikia bila kupitisha mkono juu ya jiko. Wangu ulikaa miaka mingi chini kabisa ya kabati, umelaliwa na sufuria nne, na sikuwahi kuona tatizo.

Mafuta hayawaki ghafla. Hutangulia kufuka moshi. Ukiuona, zima jiko. Yakishashika moto, telezesha mfuniko juu yake ukianzia upande wako, zima jiko, kisha usiguse tena. Kishawishi cha kuchungulia ni kikubwa, lakini mafuta yakipata hewa yangali ya moto huwaka upya, kwa hiyo yaache mpaka yapoe kabisa. Usijaribu kukibeba kikaango kwenda nje, maana utajimwagia njiani.

Maji ndiyo hatari kuliko yote. Maji huchemka kwenye nyuzi 100, ilhali mafuta yanayowaka yameshapita 300. Ukiyamwagia maji, huzama chini ya mafuta na kugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huo unahitaji nafasi mara 1,700 hivi ya ile ya maji yenyewe. Mvuke unapolazimisha njia ya kutoka, huyarusha mafuta yanayowaka hadi darini. Kikombe kimoja kinatosha kuleta balaa hilo.

Gesi ya mtungi nayo ina tabia yake: ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutambaa sakafuni. Kila unapobadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira, ufungue gesi bila kuwasha jiko. Viputo vikianza kuvimba, panavuja. (Wapo wanaopima kwa kiberiti, sijui niseme nini juu yao.) Ukisikia harufu, usiguse swichi yoyote, hata ya kuzima taa, kwani cheche ndogo ndani ya swichi inatosha. Funga mtungi, fungua mlango na madirisha, toeni watu nje.

Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa ajili ya joto, hata likionekana limebaki majivu. Hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu.

Kisu kinoe kabla ya kukata. Kisu butu hukufanya ukandamize, kisha huteleza na kukukuta wewe. Laza kitambaa chenye unyevu chini ya ubao usicheze. Kisu kikidondoka, rudi nyuma, ukiache kianguke.

Kitambaa cha kuepulia, kinyume chake, kiwe kikavu. Hilo nililijua nikiwa nimeshabeba sufuria, katikati ya jiko na meza: unyevu ulipitisha joto hadi vidoleni, na sikuwa na pa kuitua. Tangu hapo natafuta pa kutua kwanza, ndipo naepua. Mishikio ya sufuria igeuzie ndani, na kama kuna mtoto mdogo, akae mita moja au zaidi kutoka kwenye jiko. Kupika huku umembeba mtoto ni jambo la kuacha, hata akilia.

Mwisho, maji ya kupozea ulipoungua. Ukiungua, weka sehemu hiyo chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, ambazo ni ndefu kuliko unavyodhani, na uvue pete kabla kidole hakijavimba. Barafu, siagi, unga na dawa ya meno havifai. Malengelenge usiyapasue. Jeraha likizidi kiganja chako, au likiwa usoni, nenda hospitali. Na kama bomba lenu hukatika, jaza ndoo ya maji safi na uiweke karibu kabla hujawasha jiko, ila mbali na kikaango, asije mtu akaikimbilia mafuta yakiwaka.