Otoskopu yako iko mezani kwa mkaguzi wa hataza, sasa fanya hivi

Mi ni wakala wa hataza (patent, ile haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) hapa Nairobi, kazi yangu kubwa ni vifaa tiba, na vya masikio ndo vinanigusa zaidi manake nimelea mtoto aliyetoka usaha sikioni miezi na miezi kabla hatujampata mtu mwenye kifaa cha kuchungulia mle ndani vizuri. Kwa hiyo mtu akiniletea otoskopu, yaani hicho kifaa cha kuchungulia sikio, ya kufunga kwenye simu, yenye kamera na taa, inaniuma sana ikifia njiani kwa sababu ya barua moja ya mkaguzi ambayo ilikuwa inajibika kabisa. Nawapitisha hapa hatua ninazofuata mwenyewe kwa sheria ya Kenya, na pale Ulaya au Marekani wanapotofautiana nasi nitasema.

Hatua ya 1: Omba ukaguzi

Watu wengi wanafaili KIPI, ile ofisi ya hataza ya Kenya, alafu wanakaa kusubiri. Kufaili peke yake hakumwamshi mkaguzi, lazima uombe ukaguzi na ulipie, na una miaka 3 tangu tarehe ya kufaili. Ikipita hujaomba, ombi linahesabiwa umeliacha. Weka hiyo tarehe kwenye simu leo.

Hatua ya 2: Tafuta alichokitafuta mkaguzi, kabla yake

Fungua Espacenet au Patentscope, tovuti za kutafutia hataza za dunia, zote ni bure, na usitafute kwa maneno matupu, tafuta kwa namba ya daraja, yaani namba ya kimataifa inayopanga hataza kwa aina ya kifaa. Otoskopu ziko A61B 1/227. Kama kifaa chako kinapima usikivu angalia pia A61B 5/12, na kama kinatibu sikio pita A61F 11. Ukikaa humo siku mbili tatu utaona jinsi uwanja ulivyojaa, na bora uumie mapema.

Manake hiki kifaa ni cha zamani mno. Daktari Siegle alikuwa na spekula (koni ya kuingiza sikioni) yake ya kupuliza hewa mwaka 1864 ili aone kiwambo, ile ngozi nyembamba ya ndani ya sikio, kikicheza, na mwaka 1865 Brunton akaeleza otoskopu yake yenye kioo kilichotobolewa katikati na faneli ya kukusanyia mwanga. Yaani dai lako (sentensi kwenye ombi inayosema unataka kulindiwa nini hasa) likisema tu "kifaa chenye mwanga, lenzi na koni ya kuingia sikioni", hilo liliisha kabla reli haijafika Nairobi.

Hatua ya 3: Barua ikija, soma herufi kwanza

Mteja akipata ile ripoti ananipigia sauti imekauka, anadhani amekataliwa. Mwambie atulie, ombi karibu lolote la maana linapata barua ya pingamizi. Angalia orodha ya nyaraka alizotaja mkaguzi, mara nyingi kila moja ina herufi pembeni: X maana yake hiyo peke yake inaangusha dai, Y inaangusha ikiunganishwa na nyingine, A ni ya kukupa picha ya uwanja tu. Anza na X. Na soma waraka wenyewe mpaka michoro, usiishie kwenye muhtasari wa mkaguzi, manake naye ana mafaili mengi na saa zingine anasoma kitu ambacho mchoro hauonyeshi.

Hatua ya 4: Katakata dai lako vipande (hapa ndo kazi yote iko)

Nitawaonyesha kwa kesi moja, nimebadilisha vitu kidogo kumlinda mteja. Dai lake la kwanza lilikuwa na vipande hivi: kishikio cha simu, lenzi, taa ya LED, koni, na ukingo wa mpira kwenye koni unaoizuia isizame. Nikachora jedwali, vipande kushoto, nyaraka za mkaguzi juu, alafu kila kisanduku nikaandika ukurasa na mstari kitu kilipo. Waraka wa kwanza ulikuwa otoskopu ya simu, ukabeba vinne vya mwanzo bila shida. Wa pili ulikuwa spika ya kuvaa sikioni yenye mpira, na mkaguzi akasema fundi yeyote wa kawaida wa fani hiyo angechukua ule mpira akauvisha kwenye koni. Dai likawa limekwisha.

Sasa nikarudi kwenye maelezo yetu tuliyofaili, nikaanza kusoma aya kwa aya kama mtu anayechambua mchele. Aya ya 27 ilikuwa na sentensi moja tu inayosema ule ukingo unasogezwa na kukamatwa kwenye vijino vitatu, kimoja cha mtoto mchanga, kimoja cha mtoto mkubwa, kimoja cha mtu mzima, na mchoro wa 4 ulionyesha vile vijino wazi. Hakuna waraka hata mmoja uliokuwa na hicho kitu! Tukakipandisha kwenye dai la kwanza.

Alafu hoja. Usiandike "uvumbuzi wetu ni bora", andika shida ya kiufundi. Mfereji wa sikio wa mtu mzima ni kama sentimita 2.5, wa mtoto ni mfupi zaidi, na mtoto hatulii, akigeuza kichwa ghafla koni inasukumwa ndani kuelekea kiwambo. Kwa hiyo shida ni kuzuia kina kinachobadilika kulingana na mgonjwa. Ule mpira wa spika kazi yake ni kuziba tundu ili sauti isivuje, hausogei, wala waraka wake hausemi chochote kuhusu kina. Fundi akiusoma hapati sababu ya kuweka vijino. Mkaguzi alikubali hapo.

Lakini oneni hatari ilivyokuwa karibu: ile sentensi isingekuwepo siku ya kufaili tusingeweza kuiongeza, manake wakati wa ukaguzi huruhusiwi kuingiza kitu kipya ambacho hakikuwemo. Unachota kutoka ghala uliloweka siku ile ya kwanza, basi. Nina mteja mwingine aliyekuwa na wazo zuri kuliko hilo, lilikuwa kichwani mwake na kwenye daftari lake nyumbani, kwenye maombi halikuandikwa, na tulilipoteza. Tangu hapo siku ya kufaili namkalisha mvumbuzi na kifaa chenyewe mkononi, namuuliza kila skrubu iko hapo kwa nini.

Hatua ya 5: Ondoa madai ya "njia ya kutambua ugonjwa"

Hapa vifaa vya sikio vinakwama sana. Sheria yetu ya Mali ya Viwanda ya 2001, kifungu cha 21, inazuia hataza kwa njia za kutibu mwili na njia za uchunguzi wa ugonjwa zinazoendana nazo, lakini bidhaa zinazotumika kwenye njia hizo inaziacha. Ulaya ni hivo hivo, na uamuzi wa ofisi yao ya hataza, G 1/04 wa mwaka 2005, uliipanga njia ya uchunguzi kuwa hatua nne: kukusanya data, kulinganisha na kawaida, kuona tofauti, na kuihusisha hiyo tofauti na ugonjwa. Dai lako likibeba zote nne limeingia mtegoni. Mi nageuza hivi: badala ya "njia ya kutambua maambukizi ya sikio", naandika "kifaa chenye kamera na prosesa iliyopangwa kupima wekundu wa kiwambo na kuonyesha thamani yake kwenye skrini". Uamuzi wa ugonjwa unabaki kwa daktari, ambako ndiko unakotakiwa kubaki. Marekani hawana katazo la namna hiyo ila tangu kesi ya Mayo iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya huko 2012 madai ya uchunguzi huko yana taabu yake.

Hatua ya 6: Sema ukweli kuhusu ulichoonyesha hadharani

Ulipeleka kwenye maonyesho? Uliweka video? Niambie mapema. Kenya ukijitangazia mwenyewe una miezi 12 ya kufaili bila kuadhibiwa, Ulaya video yako mwenyewe inakuua. Mteja mmoja alipata hataza hapa nyumbani lakini mlango wa Ulaya ukawa umefungwa na klipu ya dakika mbili aliyoipost kwa furaha tu.

Hatua ya 7: Tuma jibu

Nakala moja yenye alama za ulichobadilisha, nakala moja safi, na kwa kila badiliko taja aya ulikolitoa. Tarehe ya mwisho iko kwenye barua, ukiona huwezi omba nyongeza kabla haijapita. Kama kuna jambo umeshindwa kulielewa, omba kuongea na mkaguzi, mimi huwa nabeba kifaa chenyewe nikamwekea mkononi, na maswali mengi huisha palepale.

Na kama hoja ya hatua ya uvumbuzi (kwamba fundi wa kawaida asingekifikia kirahisi) imegoma kabisa lakini kitu ni kipya, kabla hawajakataa unaweza kubadili ombi liwe la cheti cha modeli ya matumizi, ambacho ni kama mdogo wake hataza. Hicho hakidai hatua ya uvumbuzi, kinadumu miaka 10 badala ya 20, na kwa otoskopu yenye badiliko dogo la maana nimeona kikimtosha mtu kabisa. Kuuza hospitalini ni habari nyingine, hiyo ruhusa inatoka Bodi ya Famasia na Sumu, anza kuifuatilia sasa hivi wakati mkaguzi bado anasoma.