Rangi ya kucha kwenye filta: ninavyomwaga oili ya IST yangu mwenyewe

Gari langu ni Toyota IST ya mwaka 2004, injini ya 2NZ-FE, lita 1.3. Kwa miaka miwili nilikuwa nalipeleka gereji moja hapa Morogoro: nalipa oili, nalipa filta inayoichuja, nalipa ufundi, halafu nakaa kwenye benchi kusahihisha madaftari mpaka niitwe. Mjomba wangu, aliyeendesha malori ya Dar na Dodoma mpaka akastaafu, ndiye aliyenitia wasiwasi. "Mama, kabla hujaenda tena, iwekee filta alama." Nikatandika kanga kuukuu chini ya gari, nikapaka nukta moja nyekundu ya rangi ya kucha kwenye filta, pembeni, mahali ambapo mtu hatazami.

Nilirudi na risiti ya filta mpya. Nikalala tena chini ya gari na tochi ya simu. Nukta ilikuwepo. Filta ileile, imefutwa vumbi kwa kitambaa.

Sikugombana na mtu. Nilinunua spana. Mpaka leo nimeshamwaga oili mara saba, na haya ndiyo ninayoyafanya. Namba nitakazotaja ni za gari langu. La kwako lina zake, na nitakuonyesha pa kuzipata.

Kwanza oili yenyewe

Ukiingia duka la vipuri useme unataka oili ya IST, utaulizwa, "Ya bei gani?" Hilo swali liwe la mwisho. La kwanza ni namba. Fungua boneti, tazama kizibo cha kujazia oili. Magari mengi yameandikwa hapohapo. Changu kilikuwa kimefutika, nikafungua kitabu cha gari kilichokuja nalo kutoka Japani. Sijui Kijapani, lakini ukurasa wa oili ni jedwali, na 5W-30 inasomeka vilevile kwa lugha yoyote. Kama kitabu hakipo, tafuta cha modeli yako mtandaoni.

Ukiwa hapohapo, angalia ukingo wa mlango wa dereva au karibu na betri. Gereji za Japani hubandika karatasi ndogo ya tarehe na kilomita za mara ya mwisho oili kubadilishwa. Mwaka unaweza kuandikwa kwa hesabu ya utawala wa mfalme wao: ukiona 27, jumlisha 1988, unapata 2015. Yangu ilikuwa na kilomita nyingi kuliko nilizozikuta kwenye dashibodi wakati nanunua, lakini hiyo ni hadithi nyingine na machozi yake yameshakauka.

Sasa, 5W-30 ni nini? Namba yenye W inasema oili inavyotiririka kwenye baridi. 5W hupimwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, baridi ambayo Morogoro haitaiona. Namba ya pili hupimwa kwenye nyuzi 100, karibu na joto ambalo oili hufanyia kazi injini ikishapata moto. Hapo ndipo mimi na mjomba tulipobishana. Yeye alikulia kwenye oili namba 40, na kwake oili nyepesi ni maji. Nilikutana na hoja hiyohiyo dukani, jirani na Msamvu.

"Dada, chukua 20W-50. Huku kwetu joto, hiyo nyepesi itaungua."

"Kaka, naomba 5W-30."

"Hiyo ni ya Ulaya, dada."

Joto la Morogoro ni la kwetu sisi tunaotembea juani. Ndani ya injini kuna termostati na feni vinavyolishikilia joto karibu palepale, gari liwe hapa au Tokyo. Halafu injini hizi za NZ zina cheni badala ya mkanda, na kinachoikaza hiyo cheni husukumwa na presha ya oili. VVT-i nayo, ule mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka, unaendeshwa na oili inayopita kwenye vitundu vyembamba na kichujio kidogo cha wavu. Ukiwasha asubuhi, oili nzito inachelewa kufika huko. Kwa hiyo 20W-50 hapana. Ila tusiwe watumwa wa namba pia: tofauti ya 5W na 10W kwa baridi yetu ni ndogo, na kitabu changu kinaruhusu 10W-30. Ukikosa moja, chukua nyingine ulale usingizi.

Kama gari lako limeshaanza kunywa oili na linatoa moshi wa bluu, kupanda hadi 10W-40 kunaweza kupunguza kiu. Hakuponyi ringi za pistoni zilizokwisha.

Baada ya namba, geuza galoni nyuma utafute herufi za API, taasisi ya petroli ya Marekani inayopanga madaraja ya oili. Inayoanza na S ni ya petroli, inayoanza na C ni ya dizeli, na nyingine zina zote mbili. Herufi ya pili inavyosogea mbele kwenye alfabeti ndivyo oili ilivyo ya kisasa zaidi: SN ilianza 2010, SP ilianza 2020, na mpya hufaa kwenye injini za zamani za petroli. Kuna magaloni ya bei poa yameandikwa SF. Hiyo SF ni ya injini za mpaka mwaka 1988. Mtu anakuuzia oili ya umri wa mzazi wa gari lako, na galoni linang'aa kama la jirani yake. Mimi nachukua SN au SP. Sintetiki kamili, yaani oili iliyoundwa kiwandani, ni nzuri, ila kwa mtu anayemwaga kila kilomita 5,000 kama mimi, nusu sintetiki inatosha.

Feki zipo, na zinapita ndani ya magaloni halisi. Shika kizibo: ule mkanda wa plastiki chini yake uwe mzima, haujakatwa wala kugundishwa. Chini ya kizibo kuwe na karatasi ya fedha iliyoshika mdomo wote. Tafuta namba ya toleo na tarehe vilivyopigwa kwenye galoni lenyewe. Vikifutika kwa kidole chenye mate, lirudishe. Na usikubali kupimiwa oili kutoka kwenye pipa, hata kwa rafiki.

Siku ya kazi

Nachagua Jumamosi asubuhi kabla jua halijapanda. Vifaa: galoni la lita nne, filta, washa mpya (kile kipete bapa cha kuzibia) ya boliti ya kumwagia, spana ringi au boksi ya 14, karai la lita sita au zaidi, faneli, vitambaa na glavu. Glavu si mapambo. Oili iliyotumika ina masalia ya petroli iliyoungua, na baadhi yake husababisha saratani, kwa hiyo usinawie mikono humo ukajisifu kuwa fundi.

Kabla ya kununua chochote kingine, fikiria utakavyoingia chini ya gari. IST iko chini. Jeki iliyokuja na gari ni ya kubadilishia tairi. Usiingize hata bega chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Tofali za bloku nazo usiziamini, zinapasuka bila kupiga hodi. Mimi seremala alinitengenezea ngazi mbili za mbao za inchi mbili kwa nane, zimepangwa juu kwa juu na kizuizi mbele ili tairi lisipitilize. Napanda nazo taratibu kwa tairi za mbele, navuta breki ya mkono, naweka gia ya P, natia mawe nyuma ya tairi za nyuma, halafu nalisukuma gari kwa kiuno. Likitikisika, siingii.

Washa injini dakika tano hivi, uzime, usubiri kidogo. Oili ya uvuguvugu hutoka na uchafu wake; ya moto sana itakuunguza. Legeza kizibo cha juu ili hewa ipite.

Boliti ya kumwagia iko chini ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Unaitazama kutoka chini, kwa hiyo inalegea kinyume cha mwendo wa saa kwa macho yako wewe uliyelala, si kwa hesabu ya aliyesimama kwenye boneti. Mara yangu ya kwanza niliikaza nikidhani naifungua, mpaka mwanangu akauliza kwa upole, "Mama, mbona inalia?" Tumia ringi, spana ya mdomo wazi itaharibu kichwa chake. Ikilegea, malizia kwa vidole huku unaisukuma kuelekea juu, kisha iondoe kwa mkupuo mmoja. Oili haidondoki, inaruka. Mruko wa kwanza unapita mbele ya shimo karibu shubiri moja na nusu, halafu unarudi nyuma kadiri inavyopungua. Weka karai mbele, kisha livute.

Wakati inatiririka, itazame. Weusi peke yake haukuambii kuwa oili imekufa. Kazi yake mojawapo ni kubeba masizi. Chovya kidole chenye glavu, kichukue juani, usugue kwa dole gumba. Ukiona rangi ya chai ya maziwa, maji ya rejeta yameingia. Ukiona vumbi la fedha linalometameta, kuna chuma kinalika. Yote mawili ni safari ya kwa fundi, siyo ya dukani.

Filta inafikiwa kutoka chini pia. Ikigoma, zungushia kipande cha tyubu ya baiskeli upate mshiko. Ikitoka, hakikisha mpira wake umetoka nayo; ukibaki umenata kwenye injini ukafunga filta mpya juu yake, oili yote itamwagika barabarani ndani ya dakika chache. Pitisha kidole pale inapokaa. Paka oili mpya kwenye mpira wa filta mpya, ifunge kwa mkono hadi mpira uguse, kisha robo tatu ya mzunguko. Kwa mkono, si kwa spana.

Rudisha boliti na washa mpya, uianze kwa vidole mpaka iingie yenyewe. Wenye spana ya kupimia nguvu waikaze hadi nyutoni mita 38 hivi. Sisi wengine: ikishashika, ikaze imara kwa mkono mmoja na spana fupi, uache. Uzi wa sampu ukishakatika, ulichookoa kwenye ufundi kitarudi gereji na riba.

Injini yangu inachukua lita 3.7 pamoja na filta. Namimina lita 3.4 kwanza, nafunga kizibo, nawasha bila kukanyaga mafuta. Taa nyekundu ya oili izime ndani ya sekunde chache; isipozima, zima injini palepale. Nachungulia chini kama kuna tone. Nashusha gari mahali tambarare, nasubiri dakika tano, nachomoa kijiti cha kupimia oili, nakifuta, nakirudisha, nakichomoa tena. Naongeza kidogo kidogo hadi karibu na alama ya F, yaani kujaa, bila kuipita. Ikizidi sana, krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, inaipiga mpaka itoe povu, na povu halilainishi kitu.

Kuhusu muda: kwa magari ya aina hii Toyota Japani husema kilomita 15,000 au mwaka mmoja, na nusu yake kwa matumizi magumu, yaani vumbi na safari fupi fupi. Kutoka Kihonda kwangu hadi shuleni ni kilomita nne, injini haijachangamka nimeshafika. Nimejipangia 5,000 au miezi sita, kinachotangulia. Tarehe na kilomita naziandika kwenye filta yenyewe, kwa rangi ya kucha.

Hubaki oili kama robo lita. Kijana wa bodaboda jirani yetu aliniomba, "Mwalimu, nisaidie hiyo." Nikamnyima, akanuna. Pikipiki yake klachi inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini, na oili nyingi za magari za namba hizi zina dawa za utelezi zinazofanya klachi iteleze. Pikipiki inataka iliyoandikwa JASO MA, alama ya Kijapani ya oili za pikipiki. Nilimwonyesha maandishi kwenye galoni lake mwenyewe, tukapatana. Yangu naihifadhi kwa kuongezea.

Oili chafu naimimina kwenye dumu lenye kifuniko, namuuzia anayekusanya kwa mapipa. Haiendi mtaroni, wala haimwagwi uani kuzuia vumbi, maana visima vyetu viko hapahapa.

Galoni tupu la oili mpya nalikata katikati kwa kisu kabla ya kulitupa. Kuna watu wanapita mitaani wakinunua magaloni yenye nembo, mazima na vizibo vyake, na hawanunui ya kuwekea maji.