Gauni la kanga doti moja, shingo isiyodondoka mabegani

Juzi mtoto wa dada yangu kanijia hapa Ngamiani, Tanga, na doti yake mpya, anataka gauni la Idi na fundi kamwambia arudi baada ya wiki mbili. Nikamwambia kaa hapo chini tushone wenyewe, saa tatu tu tumemaliza. Kwa kweli zikawa tano, lakini nitaeleza kwa nini.

Gauni lenyewe ni lile pana la mabawa, kanga moja mbele moja nyuma. Halina mikono ya kupachika, halina zipu.

Hatua ya 1: Fua. Kanga mpya ina wanga na inarudi ikilowa, usipofua kwanza gauni litakuja kupanda baadaye. Watu wanatia chumvi eti ishike rangi, mimi sijawahi kuona tofauti. Anika, piga pasi.

Hatua ya 2: Tenganisha doti. Kata katikati pale zilipoungana. Sasa angalia jambo moja, zile pande ndefu za kanga ni ukingo wa kiwandani, hazitoki nyuzi, kwa hiyo gauni likikaa kwa upana pindo la chini halihitaji kukunjwa kabisa. Zinazotoka nyuzi ni zile pande fupi tu, zikunje mara mbili nyembamba zote nne. Halafu ulalishe kanga zote mbili jina likiwa chini. Hakikisha zote mbili! Ukigeuza moja, mbele wanasoma "Mgeni njoo mwenyeji apone" na nyuma mgeni inabidi asimame kichwa chini ndo asome.

Hatua ya 3: Mabega. Zikutanishe sura kwa sura, shona ukingo wa juu wote isipokuwa inchi 6 za katikati. Rudisha nyuma cherehani kwenye kila mwisho ili uzi usifumuke. Fungua mshono, piga pasi.

Hatua ya 4: Shingo. Hapa ndo shughuli, na hapa ndo mimi mwaka wa kwanza wa kushona niliharibu kanga ya mama mkwe. Nilitaka shingo ya upana wa inchi 6, nikakunja kitambaa katikati, nikapima inchi 6 kutoka kwenye mkunjo, nikakata. Nilipofungua ni inchi 12, gauni likamshuka mabega yote mawili na yeye kasimama katikati ya ukumbi ananiangalia tu hasemi kitu. Kwa hiyo kitambaa kikiwa kimekunjwa unapima NUSU, andika hata mkononi.

Kosa la pili ni hili, ukikata shingo kwanza halafu ndo ushone, mshono unakula kwa nje, ile sentimita moja unayoshona inaongezeka kwenye tundu kila upande. Sehemu zingine mshono unapunguza nguo, shingoni unapanua. Tena shingo iliyokatwa inavutika ukiishikashika, inakuwa na mawimbi kama ya ufukwe wetu wa Raskazone. Ndo maana siku hizi mimi nashona kwanza, nakata baadaye, na simsikilizi mtu kwenye hili.

Fanya hivi. Chora shingo kwenye gazeti: upana wote inchi 7, mbele ishuke inchi 5, nyuma inchi 1. Kata hilo gazeti, pitisha kichwani mwako. Usicheke, zungusha tepu kichwani, mimi ni inchi 22 na nusu, mzunguko wa tundu ukiwa mdogo kuliko hapo gauni halivaliki, itabidi ushushe shingo zaidi mbele au uongeze mpasuo. Huyu binti wangu aliruka hapa, akasema "mamdogo kichwa changu kidogo", tukafumua, ndo zile saa mbili zilipokwenda.

Chukua kipande cha bafta, kile kitambaa cheupe chepesi cha pamba, inchi 12 kwa 12 (kipande hiki hatukikati kwenye kanga), kunja kingo zake. Kilaze juu ya shingo UPANDE WA NJE wa gauni, siyo ndani, maana kitageuzwa. Kibane kwa pini nyingi, chora ile shingo ya gazeti kwa chaki, uhakikishe mstari unapita juu ya mshono wa bega nusu inchi kila upande. Shona juu ya mstari, taratibu, kwenye kona geuza kitambaa sindano ikiwa chini. Sasa ndo ukate ndani, uache sentimita moja, na uchanje chanje kwa mkasi mpaka karibu na mshono bila kuugusa. Usipochanja shingo haitalala hata uipige pasi mpaka asubuhi. Geuza bafta ndani, pasi, shona tena juu karibu na ukingo.

Kama uzi unajikunja kunja chini ya kitambaa, usihangaike na bobini, inua mguu wa cherehani ndo utunge uzi wa juu upya. Ukitunga mguu ukiwa chini uzi hauingii kwenye visahani vya kubana. Na sindano weka namba 14 mpya, hapa kwetu na hewa ya bahari zinakula kutu ndani ya boksi. Mimi natumia cherehani nyeusi ya kuzungusha kwa mkono, hizi za plastiki za umeme siziamini, na umeme wenyewe tunaujua.

Hatua ya 5: Pembeni. Pima hipsi, gawa kwa 4, ongeza inchi 2. Mwenye hipsi 40 anapata 12. Pima hizo kutoka katikati ya gauni kila upande, chora mstari ulionyooka, shona kutoka chini mpaka ibaki inchi 10 kufika begani, hapo ndo mkono unapita. Kitambaa kinachobaki nje ya mstari usikikate, hayo ndo mabawa. Ukitaka mpasuo wa kutembelea, anza kushona inchi 12 juu ya pindo. Na usibane, kanga haivutiki.

Yake tuliacha mpasuo upande mmoja tu. Kalivaa palepale akaenda nalo dukani kununua mkate.